Feni ya Kuamshwa kwa Ngumi

Ngumi ya kwanza haikuiamsha feni ya hita. Ya pili ikamchubua dereva, Breki, ngozi ya vidole, ya tatu ikaangusha kitufe cha redio miguuni mwa binti yake, lakini hita ikabaki kimya na kioo cha mbele kikazidi kufunga ukungu. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Ndani ya gari watoto kumi na mmoja wa shule walikuwa wanapumua kwa pamoja, na pumzi yote hiyo ilikwenda kutulia pale pale kwenye kioo.

"Pengo, hebu piga wewe! Mimi mkono umechoka."

Pengo alikuwa na miaka saba na alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo, ndiyo maana ya jina. Alikaa kiti cha mbele kwa kazi hiyo tu. Akakunja ngumi, kidole gumba kikiwa nje kama alivyofundishwa na babake, akalenga chini ya kisanduku cha mbele mahali palipokwisha kubonyea, akapiga. Watoto wa nyuma wakaitikia kwa sauti moja: "Amka!" Huo ndio uliokuwa mchezo wao tangu baridi ianze. Pengo akipiga wao huitikia, na mara nyingi feni ilikohoa, ikanguruma, ikaanza kupuliza joto, na gari zima likashangilia. Asubuhi hiyo ya Ijumaa alipiga mara tano na hakuna kilichoamka.

"Baba Pengo, simama kidogo tufute kioo," alisema mkewe, Mama Pengo, kutoka mlangoni. Kazi yake garini ilikuwa kuwapandisha watoto, kuwashusha, na kuwahesabu.

"Nisimame tuchelewe? Halafu pale getini utasimangwa wewe?"

Madereva wenzake walimpa jina la Breki kwa sababu huzikanyaga dakika ya mwisho kabisa, abiria wakiwa wameshamaliza kusali. Mkewe aliliona jina hilo kichekesho, maana miaka yote ya ndoa hajaona breki hata moja kwenye hasira za mumewe.

Breki akakifuta kioo kwa mkono wa sweta huku gari likienda. Pale alipofuta palikuwa na upana wa sahani, na ndani ya sahani hiyo ghafla akatokea muuza maziwa na baiskeli yake. Breki akazikanyaga. Watoto wakarushwa kutoka vitini. Gurudumu la nyuma la baiskeli likajikunja, dumu moja likapasuka, na maziwa yakatapakaa barabarani.

Muuza maziwa akainuka, akaja kupiga boneti kwa kiganja. "We kipofu? Huoni mbele?"

Breki alishuka bila hata kuzima gari. Ngumi ya kwanza ilimkuta muuza maziwa mdomo bado unaongea, ya pili ikamwingia tumboni, na alipopiga magoti katikati ya maziwa yake, Breki akamkamata ukosi akaendelea. Mama Pengo akamshika mumewe kiuno, akala kiwiko cha mbavu. Hapo ndipo sauti ndogo kutoka garini, hakujua ya mtoto gani, ikasema ngumi ilipotua: "Amka!" Wengine wakaidaka. "Amka! Amka!" Walikuwa wanacheka. Kwao hiyo ilikuwa ngumi ile ile ya kila siku.

Mama Pengo aligeukia gari. Alitazama dirishani akamwona binti yake, ngumi juu, akitafuta pa kuishushia.

Mwalimu mkuu alikuwa magari mawili nyuma yao, akaona mchezo mzima. Breki alipomwachia muuza maziwa akarudi usukanini, mwalimu aliwafuata. Alisubiri mpaka getini, watoto walipokwisha kushuka, ndipo mwanamke huyo mfupi mwenye miwani inayoteleza puani alipokuja dirishani kwa dereva.

"Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nitakuwa nimesimama hapa," alisema. "Nitautia mkono wangu mwenyewe kwenye hita hiyo. Isipopuliza, watoto wangu wanapanda gari jingine. Na nikisikia umempiga tena mtu mbele yao, hata ikipuliza moto wa jehanamu, kazi huna."

Breki alijibu "ndiyo, mwalimu" mara tatu, kichwa chini, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mkewe alikuwa nyuma yake, anasikia. Alijua kila "ndiyo, mwalimu" ingetafuta pa kutokea, na pa kutokea palikuwa nyumbani.

*

Jumamosi asubuhi Fundi Badilisha alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya gari, miguu iko nje, kichwa kimezama chini ya kisanduku cha mbele. Watu walimwita hivyo kwa sababu hatengenezi kitu, hubadilisha. Mwezi huo alikuwa amebadilisha fyuzi, feni ikawaka, kesho yake ikafa. Akabadilisha swichi, ikawaka, ikafa. Sasa alikuwa anaweka rizista, kile kidude kinachogawa mwendo wa feni.

"Safari hii tumeushika ugonjwa wenyewe," alisema kutoka chini. Kidude kilikataa kuingia vizuri, akakigongagonga kwa mpini wa bisibisi. Feni ikanguruma. "Eeh! Imekubali!"

Breki akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. Mama Pengo alikuwa anakuja na sinia la chai. Ubavu wa kushoto ulimuuma kila alipovuta pumzi, kwa sababu ya kiwiko cha barabarani na mengine yaliyofuata chumbani. Angeliweka sinia akaondoka, siku ingepita salama. Lakini masikio yake hayakumpa nafasi. Marehemu babake alikuwa fundi wa mota, za cherehani, za mashine za kusaga, za kila kinachozunguka, naye alikulia chini ya meza ya kazi akisikiliza.

"Fundi, kabla hujafunga, hebu izime uiwashe tena bila kugusa kitu."

Fundi akazima, akawasha. Kimya. Akagonga kwa bisibisi, feni ikanguruma.

"Umeona? Ulipoweka fyuzi uligonga, ikawaka. Swichi uligonga, ikawaka. Leo tena umegonga. Vyote ulivyotoa vilikuwa vizima, kinachoiwasha ni huko kugonga. Umeme unafika mpaka kwenye mota, ila kaboni za ndani, vile vipande vyeusi vinavyopitisha umeme, zimelika, hazigusi shaba. Ukigonga zinatikisika, zinagusa. Siku moja zitaisha kabisa, na hapo hata upige kwa nyundo."

Fundi Badilisha alitoka chini ya kisanduku, uso umejaa vumbi, akamtazama. Halafu akacheka, kicheko cha wazi kisicho na ubaya. "Breki ndugu yangu! Kumbe fundi unaye ndani, mimi unanilaza chini bure!"

Kicheko hicho ndicho kilichoharibu. Kofi lilimpata Mama Pengo sikioni, sinia likaruka, chai ya moto ikammwagikia kifuani na kwenye mkono. Breki akamshika kanga shingoni, akamsukuma mpaka mgongo ukagonga mlango wa gari. "Umekuja kunifundisha gari langu? Mbele ya watu?" Kofi la pili. "Jibu!"

Ndani ya nyumba redio ilipanda sauti. Huyo alikuwa Bibi, mama yake Breki. Mwanawe akianza, yeye alizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, taarifa ya habari ikajaa nyumba nzima, na akaketi karibu na redio kwa lile sikio lake moja linalosikia. Ikiisha alipunguza, akauliza kama maji ya kuoga yapo.

Fundi aliokota bisibisi zake moja moja, macho chini. "Mimi sikuona kitu," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Mota mpya inaagizwa, Breki. Wiki moja hivi." Akaondoka bila kunywa chai, maana chai yenyewe ilikuwa chini.

*

Jumapili Breki alitoka mapema kwenda kutafuta mota ya mtumba huko wanakouza vyuma vya magari yaliyokufa. Alipokata kona tu, Mama Pengo akachukua bisibisi.

Alijua anachofanya na alijua kitakachompata. Lakini Jumatatu ilikuwa kesho, na gari lile ndilo lililowalisha watu wanne. Halafu kulikuwa na jambo jingine lililomnyima usingizi kuliko njaa, nalo ni zile sauti ndogo zilizoitikia "Amka!" mtu akipigwa.

Skrubu zilikuwa tatu. Akachomoa plagi ya waya mbili, feni ikashuka mikononi mwake, nzito, imejaa vumbi na majani makavu. Akaiweka kwenye meza ya nje, akaleta betri, akaunga waya. Kimya. Akaigonga kidogo kwa kidole, ikazunguka. Alikuwa sahihi, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

"Mwanangu, atakuua," Bibi alisema kutoka kizingitini.

"Mama, kesho ni Jumatatu."

"Virudishe vitu vyake garini. Ukinyamaza hupita."

"Wewe ulinyamaza, mama. Yalipita?"

Bibi alishika sikio lake lisilosikia, kisha akaona mkono wake uko pale, akaushusha. Akaingia ndani.

Mama Pengo alifungua mota. Kaboni zilikuwa zimebaki nyembamba kama kucha. Chini ya kitanda alikuwa na kopo la biskuti aliloachiwa na babake, na ndani yake, kati ya springi na vipande vya waya, akapata kaboni mbili za mashine ya kutobolea, nene kidogo kuliko alizohitaji. Akazisugua kwenye ngazi ya saruji, anasugua anapima, anasugua anapima, mpaka vidole vikawa vyeusi na kaboni zikateleza kwenye vitundu vyake bila kukwama. Pengo alichuchumaa kando, ameshika springi kama yai.

"Sasa unganisha wewe. Nyekundu kwa nyekundu."

Mtoto akaunga. Feni ikazunguka pale pale, bila kikohozi, ikapeperusha vumbi la miezi yote usoni mwao. Wakacheka wote wawili.

"Bila kupigwa?" Pengo aliuliza.

"Bila kupigwa."

Hawakusikia geti. Breki alikuwa amerudi mikono mitupu, ameshinda juani kwa wauza vyuma waliomcheka alipowataka wamkopeshe mota mpaka mwisho wa mwezi. Alisikia feni. Aliliona gari lake limefunguliwa tumbo, na juu ya ukuta akaona kichwa cha jirani, naye amekuja kuangalia.

"Nani amekwambia uguse gari langu?"

"Imepona, Baba Pengo. Sikiliza, inajiwasha yenyewe, kesho mwalimu..."

Hakumaliza. Breki alimkamata nywele akamvuta kutoka mezani, ngumi ikampata jichoni, nyingine mdomoni, na alipoanguka kwenye ngazi ya saruji yakaja mateke. Alipiga huku anahema kama mtu anayepasua kuni. Redio ikapanda sauti. Mtangazaji alikuwa anasoma matokeo ya mpira. Kichwa cha jirani kikatoweka ukutani.

Mama Pengo alilala kifudifudi. Aliona ngazi, aliona unga mweusi wa kaboni, na aliona miguu ya mumewe ikirudi mezani. "Naivunja," Breki alisema. "Naivunja mbele ya macho yako, tuone nani fundi."

Mama Pengo alijaribu kuinuka, mikono ikakataa. Ndipo akasikia kitu kikimgonga begani. Kitu kidogo, kigumu. Kikamgonga tena.

"Amka!" Pengo alikuwa amepiga magoti kando yake, machozi na kamasi vimechanganyika, ngumi imekunjwa, kidole gumba nje. "Mama, amka! Amka! Amka!" Alilenga pale pale kila mara. Alipiga mara tano, akakata tamaa, akamgeukia babake. "Baba, haiamki! Piga wewe!"

Ndani ya nyumba redio ilizimwa. Haikupunguzwa, ilizimwa, na ua mzima ukawa kimya.

Hata baadaye Mama Pengo hakukumbuka alivyosimama. Alikumbuka spana ya magurudumu aliyoikwapua kando ya gari, na uzito wake mkononi. Breki alikuwa ameinamia meza, mkono wa kulia umeibana feni, wa kushoto unang'oa waya. Mama Pengo akaishusha spana kwa nguvu zake zote kwenye ule mkono wa kulia. Mfupa ulisikika. Breki akatoa yowe ambalo halikufanana naye, akaanguka magoti, mkono umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki.

Mkewe akainua spana mara ya pili. Alitaka. Hilo asikudanganye mtu, alitaka sana, na kichwa cha Breki kilikuwa karibu. Lakini ng'ambo ya meza aliiona ngumi ya Pengo juu, na mdomo wenye pengo ukifunguka tayari kuitikia.

Akaitupa spana mbali, ikagonga ukuta.

*

Zahanati haikuwa mbali, walikwenda kwa miguu wote wanne, na watu waliwapisha njia. Nesi wa zamu alifungua daftari kubwa, akaweka kalamu tayari.

"Imekuwaje?"

Breki alimtazama mkewe, akamtazama mama yake. Jasho lilimtiririka. Mwanamume wa kumvunja mtu meno barabarani angesemaje hapa? "Nimejigonga," alisema. "Mlango."

Nesi hakuandika. Alirudisha kurasa nyuma, taratibu, akilamba kidole. "Mlango. Huyu mkeo nimemwandika humu mara tatu mwaka huu, na mara zote wewe ndiye uliyejibu. Mlango, mlango, mlango. Nyumba yenu ina mlango mkali sana."

"Mlango huo ni wa siku nyingi," Bibi alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, kama ya watu wasiosikia vizuri. "Ndio ulioniziba mimi hili sikio, enzi za babake."

"Mama!" Breki alisema.

"Nyamaza. Nyumba ile ni yangu. Leo utalala kwa kaka yako."

Mama Pengo alisogea mbele. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa na mdomo umevimba, ikabidi aseme polepole. "Nimempiga mimi. Kwa spana, mara moja. Andika hivyo. Na yale matatu ya nyuma yafute, uandike ilivyokuwa. Na ya leo."

Nesi aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Nikiandika hivyo, karatasi zinakwenda polisi. Zenu wote wawili, dada. Wewe pia utaitwa."

"Nitaitika."

Kalamu ikaanza kutembea.

*

Jumatatu kabla hakujapambazuka vizuri Mama Pengo aliirudisha feni mahali pake, skrubu tatu na plagi ya waya mbili. Leseni yake ilikuwa chini ya shuka kabatini, bado hai. Babake ndiye aliyemfundisha kuendesha, na Breki ndiye aliyemkataza. Mlangoni mwa gari alikaa Bibi, amejifunga mtandio kichwani, akiwahesabu watoto mara mbili mbili na kuwataka wapaze sauti, nao wakapaza mpaka majirani wakatoka.

Watoto waliliona lile jicho. Hakuna aliyeuliza. Baridi ilikuwa ile ile ya Ijumaa, na kabla ya kufika barabara kuu kioo cha mbele kilikuwa kimeanza kufunga. Bila kuambiwa, Pengo akakunja ngumi, akalenga pale palipobonyea. Nyuma watoto wakavuta pumzi tayari kuitikia.

Mama Pengo akasimamisha gari kando. Akaudaka ule mkono hewani, akaushika.

"Haipigwi tena hii."

"Itaamkaje sasa?"

"Haijalala. Ilikuwa imelika ndani, na tukawa tunaipiga."

Pengo akafikiri, mkono bado uko kwenye kiganja cha mamake. "Na Baba? Ulimpiga ili aamke?"

Mama Pengo akamgeukia, mkono wake hakuuachia.

"Hapana. Nilimpiga kwa sababu niliogopa. Nilidhani ataniua. Na jana uliponipiga mimi begani, mwanangu, iliniuma."

Midomo ya Pengo ikaanza kucheza. "Nilidhani hutaamka," alisema. Mama yake akamfungua vidole kimoja kimoja, akaanza na gumba, mpaka ngumi ikawa mkono wa mtoto. Akaushusha kwenye swichi.

"Zungusha. Taratibu."

Pengo akazungusha. Feni ikaanza, laini, bila kikohozi, joto likawagusa magoti, na ukungu ukaanza kurudi nyuma kutoka chini ya kioo kwenda juu. Hakuna aliyeshangilia. Mbele, mwisho wa barabara, geti la shule likaonekana, na kando yake mwanamke mfupi mwenye miwani, ameshavua glavu ya mkono mmoja.